Mwalimu Zenon na Mada ya Jikoni

Jumatatu tarehe 4 Mei 1959, saa nne asubuhi, Bertilla alikuwa uani kwake Katandala akipepeta ulezi, wakati Bwana Huseni, mwenye duka karibu na soko na mjumbe wa kamati ya watunzi, alipoingia bila kupiga hodi, akasema, "Shemeji, weka ungo chini, Mwalimu ametutoka hospitalini alfajiri ya leo," naye akauweka ungo, akauliza kama mumewe amefunikwa shuka safi, kisha akaagiza watoto waitwe, na hivyo ndivyo msiba huu ulivyoingia nyumbani.

Marehemu Mwalimu Zenon alizaliwa Milepa tarehe 9 Julai 1919, mtoto wa pili wa wakulima wa mahindi na ulezi, akaanza shule ya misheni mwaka 1928, akahitimu ualimu mwaka 1938, akafundisha Milepa, na kuanzia Januari 1944 akahamia Sumbawanga mjini, ambako alifundisha hadi alipougua. Tarehe 12 Oktoba 1940 alifunga ndoa na Bertilla, wakajaliwa watoto wanne, Margareth, Modesti, Fransiska na Rafaeli.

Wengi mlimfahamu kwa Mkutano wa Watunzi wa Ufipa, unaofanyika kila Agosti tangu mwaka 1954, ambao yeye ndiye aliyeuombea kibali kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati inayochagua mada. Mwaka 1956 kamati ilichagua mada ya Ziwa, ili kuwavuta watu wa Kasanga, wavuvi wa kule ziwani, na watunzi wa huku juu, ambao dagaa wanawajua wakiwa ndani ya gunia tu, wakaandika kwa bidii, naye Zenon mwenyewe akasoma shairi ambamo wavuvi wanavuta wavu uliojaa dagaa wakavu, tayari kwa kupimwa. Mvuvi mmoja akashindwa kujizuia, akapaza sauti, "Mwalimu, hao dagaa wenu wanaota jua wakiwa majini?" Ukumbi ukaangua kicheko, lakini wageni wale waliondoka wakisema hawatapanda tena mlima kuja kusikia kazi yao ikisingiziwa.

Likizo iliyofuata Zenon aliteremka Kasanga, akavua nao, akatapika mashuani, akaomba radhi, akarudi na kanuni ambayo kamati iliipokea, kwamba kila mada iwe kazi, na mtu asiandike kazi ambayo mikono yake haijaifanya. Mwaka 1957 mada ikawa intumba, yale matuta yetu ya mviringo tunayofukia nyasi zioze ziwe mbolea, na watu wa Kasanga walikuja Machi, wakalima shambani kwake mpaka viganja vikatoka malengelenge, na Agosti wakasoma maandishi ambayo hakuna mkulima aliyeyacheka.

Wageni hao wote walikula kwa Bertilla, mwaka ule na mwaka uliofuata, naye siku moja akiwa anaosha vyombo akasema, "Baba Margareth, kila mwaka unaniletea watunzi, wanakula, wanashiba, wanaandika, mbona hakuna hata mmoja aliyeandika nani kampikia?" Januari mwaka huu Zenon aliipelekea kamati mada ya 1959, nayo ni Aliyepika.

Makamu wake, Mzee Adolfu, aliipinga waziwazi, akasema, "Wanaume wazima wasimame mbele ya Bwana Shauri kusoma habari za sufuria? Utatuaibisha, Mwalimu." Zenon akamwambia, "Basi Mzee wangu wewe usiandike, lakini mada haitoki." Mwezi wa Februari alianza kuugua kifua, tarehe 20 Aprili akalazwa, na kamati ilipomtembelea aliomba neno moja tu, kwamba akifa mada isibadilishwe, wote wakaitikia isipokuwa Mzee Adolfu, aliyetazama dirishani, na kwa kuwa uenyekiti ungekuwa wake, Bertilla, aliyekuwapo kando ya kitanda, alirudi nyumbani akijua kwamba mada imekwisha.

Leo asubuhi, kabla ya maziko, Mzee Adolfu alikuja mlangoni pa jiko, akiwa amekunja mikono ya kanzu, akauliza, "Mama Margareth, mwiko uko wapi?"

"Shikamoo Mzee. Mwiko wa nini?"

"Marahaba. Agosti nitaandika nini kama sijasonga ugali?"

Bertilla alimpa mwiko, akamwonyesha kuni, akamwambia asimwage unga, naye Mzee akawaita Bwana Huseni na wajumbe wengine, wakawatoa akina mama jikoni, na tangu tuliporudi makaburini wamo humo, macho mekundu kwa moshi, wakigombana kuhusu chumvi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Katandala waliochimba kaburi na kuchota maji, walimu wenzake, Bwana Huseni kwa gari lililoleta mwili, na ndugu waliopanda kutoka Milepa na Kasanga. Mwalimu Zenon, kazi yako imepokelewa, pumzika sasa, amani ya Mungu ikufunike.

Ndugu waombolezaji, chakula cha jioni kimepakuliwa, ni ugali na maharage, ugali una mabonge, na Bertilla anaomba mtu asicheke. Watoto wote wanne wameketi, wajumbe wote wa kamati wapo, wageni wa Kasanga wapo, nasi tulioachwa tumehesabiana, hakuna aliyekosekana. Karibuni, naweni mikono.