Nilivyomwita Binti Yangu kwa Mwezi Mchanga

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Mimi ni Mama Restituta, mkulima wa kahawa na ndizi hapa juu ya mji wa Mkuu, Rombo. Naomba mnisikilize, maana aibu imenifunga mdomo vya kutosha.

Restituta ni binti yangu wa pekee. Alipomleta mchumba wake kutoka Mwanza, nilimwambia, "Ukiolewa na huyo, usikanyage tena kihamba changu, shamba hili la nyumbani." Akaolewa. Hakukanyaga.

Ndugu zangu, nilimkumbuka mpaka chakula kikawa hakipiti! Nikichuma kahawa, nasikia kama anakohoa nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Badala ya kumwomba msamaha, nikashuka mjini, mtaa wa Njoro, kwa mganga. Akanipa unga mweusi.

"Mwezi ukiandama, jipake usoni, uuelekee, umwite mara saba," alisema. "Lakini mwezi ukianza kupungua, usizungumze naye. Ukizungumza, amepotea moja kwa moja."

Kwetu Rombo mlima huuficha mwezi mchanga. Basi nilikuwa nashuka tambarare, mama mzima, nasimama jioni kwenye mahindi ya watu namwita mwanangu. Mawingu yakitanda, narudi nalia. Mwaka mzima!

Siku moja simu ikaita. Resti! Lakini mwezi ulikuwa unapungua. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Sikupokea. Mungu wangu!

Kesho yake akaja Dada Yustina, kiongozi wa jumuiya yetu, aliyemsimamia Resti kipaimara.

"Mama Resti, mwanao amejifungua kwa upasuaji. Alikutafuta kabla hajaingizwa. Mbona hukupokea?"

Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Mtoto anamwita mama yake, na mama anasubiri mwezi?"

Nikapiga magoti, ndugu zangu! Tukasali palepale jikoni. Bado niliogopa: je, nikimpigia, nitampoteza kweli? Yustina akanishika mkono. Nikasema, "Yesu, mwanangu ni wako." Nikaenda kuumwaga ule unga chooni, nikapiga simu, mwezi ukiwa bado unapungua.

"Mama?" akasema. "Nilidhani umeshanizika."

"Nisamehe, mwanangu."

Akalia, na kichanga naye akalia pembeni yake. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti ya mjukuu wangu.

Yesu ameniweka huru! Lakini sitawadanganya: bado sijampakata. Mkwe wangu hajawa tayari kuja, na simlaumu. Kila Jumapili Resti ananiwekea simu karibu na mtoto, namsikia anavyopumua, na mikono yangu inauma kwa hamu. Ila sasa namngoja mbele za Mungu, sina hofu.

Ndugu yangu uliyemfukuza mtu kwa maneno yako, na leo unamlilia kwa siri, Yesu anakupokea hivyo ulivyo. Mwamini, kisha mpigie mtu wako leo. Nami mniombee Krismasi hii wapande Rombo. Chumba chao nimeshakipaka chokaa. Asante, Yesu wangu!