Pantaleo Chilumba na Miarobaini ya Mtaa wa Sikukuu

Ndugu waombolezaji, marehemu Pantaleo Chilumba alizaliwa tarehe 12 Machi 1926 huko Lulindi, Masasi, mtoto wa pili wa Mzee Eliasi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaachia hapo kwa kukosa karo, si kwa kukosa akili.

Mwaka 1950 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa katika bustani za jiji. Baadaye alikabidhiwa miarobaini ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na raha ikaisha. Viongozi walikuja kupanda miti kwa ngoma na hotuba, wakaenda zao. Kumwagilia aliachiwa yeye, hata Jumapili. Huyu kapigilia msumari, yule kafunga mbuzi. Siku moja alimkuta Bi Zamzam, muuza bagia, anamwaga mafuta machafu shinani.

"Bi Zamzam, mti haukaangwi!"

"Sasa nimwage wapi, Baba Pius? Kichwani kwako?"

Walinuniana mwezi mzima. Leo Bi Zamzam yupo hapa, analia kuliko sisi.

Tarehe 9 Oktoba 1954 alifunga ndoa na Benedikta, kanisani Ilala. Benedikta alizoea kusema kwamba heri mke mwenza kuliko miti, maana mke mwenza angalau huzeeka.

Mwezi Mei 1983 homa ilimwangusha. Zahanati haikuwa na dawa, na dukani ndiyo usiulize. Mtaa mzima uliugua, majani ya miarobaini yakachumwa hadi pale mkono usipofika. Benedikta akachukua kisu, akabandua ganda la mti mmoja, akalichemsha. Miaka yote marehemu aliwagombeza watu: majani chumeni, ganda msiguse. Basi alipoletewa dawa ile, akakisukuma kikombe.

"Umebandua mti upi?"

"Kunywa kwanza, Baba Pius! Unakufa!"

"Na mti unakufa. Nenda kaupake udongo kwenye kidonda. Ukirudi, nakunywa."

Kubishana naye kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Benedikta alitoka kwa hasira, akaenda, akaupaka. Aliporudi, mumewe alikuwa amekata roho na kikombe kimejaa vilevile. Ilikuwa Jumanne, tarehe 17 Mei.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, Pius, Mektilda, Marcelino na Josepha, na wajukuu sita.

Mjane ameagiza yasemwe haya mbele ya jeneza: udongo ameupaka pande zote, hakulipua kazi. Ungemsubiri.

Pumzika sasa, Baba Pius, na huko uendako usigombane na mtu.