Mjane Aliyekuja Kunywa Uji Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wanaomwelewa, asifiwe na sisi ambao bado hatujamwelewa vizuri!

Mimi ni Mama Kabula, wa hapa hapa Buseresere, na nyumbani kwetu ni Samuye. Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye hofu. Mkiona maneno yangu yamepinda mnisamehe, maana hata mimi mwenyewe kuna mahali sijui yalikwendaje. Nitayasema kama yalivyonipata.

Mume wangu alifariki kwa homa, Kabula akiwa bado mgongoni. Ilikuwa ile miaka vijana waliokwenda vitani Burma walipokuwa wanarudi, na habari ilikuwa moja tu: dhahabu, Geita, kazi ipo. Nikasema, mimi siwezi kuchimba, lakini wanaochimba lazima wale. Nikamuaga mama mkwe wangu. Alichukua maji kinywani, akanitemea kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akasema, "Nenda. Utashiba, na wengine watashiba kwako." Nikabeba mwanangu na chungu changu, nikaondoka.

Ndugu zangu, Bwana alinifungulia! Nilikaa karibu na lango la mgodi mmoja, nikapika uji wa uwele wenye ukwaju, na maandazi. Wachimbaji wa zamu ya asubuhi walipita kwangu kabla ya kushuka shimoni. Wengine walikuwa Wanyamwezi, wengine Wahaya, Waha, watu wa Tabora na watu wa mbali nisikokujua. Mimi nilikuwa najua Kisukuma tu. Nikajifunza Kiswahili kwa kuwauliza kama wanataka kuongezewa! Nikajiunga na darasa la watu wazima kanisani, alasiri, kwa mwinjilisti wetu Yohana, nikajua kusoma. Nikajifunza kuamka nisipotaka kuamka. Nikajifunza kutomjibu mlevi. Nikaezeka banda langu kwa bati, na watu wakawa wanasema, "Twende kwa Mama Kabula," kama vile wanataja mji.

Sasa, siku moja mwamba ukaanguka ndani ya shimo. Walikufa watu wengi wa zamu ya asubuhi. Nilisikia kengele ikilia nikiwa naosha mabakuli yao. Mabakuli yale yale, ndugu zangu, bado yana uji pembeni.

Nililia kama waliofiwa. Sikujua kwamba wakati mimi nalia, maneno yalikwisha anza kutembea. "Wote waliokufa walikula kwa yule mwanamke." Ni kweli, walikula kwangu! Zamu nzima ilikula kwangu! Waliokufa walikula na waliopona walikula. Lakini neno likishatoka halirudi kuulizwa. Wakasema nina ndagu, yaani nimetoa damu ya watu ili nipate mali. Wakasema, mwanamke mjane, hana ndugu hapa, bati amelipata wapi?

Kesho yake nilipika, hakuja mtu. Siku iliyofuata nilipika, hakuja mtu. Walipita mbele yangu wakitazama upande mwingine, wakaenda kununua mihogo kwa mtu mwingine kule mbele. Sokoni mama mmoja niliyemzoea alimvuta mtoto wake asije akagusa kanga yangu. Ndugu zangu, mnajua mwanamke aliyeitwa mchawi hufanywa nini huku kwetu. Sihitaji kuwaeleza. Nilianza kumlaza Kabula amevaa viatu, ili kama ni kukimbia tukimbie.

Hilo silo lililonivunja. Lililonivunja ni kwamba nilianza kujiuliza: je, kama ni kweli? Msinicheke. Mimi sikwenda kwa mganga, sikutoa mtu. Lakini yale maji ya mama mkwe? Alisema nitashiba, nikashiba. Mwamba nao ukaanguka. Labda nilipewa kitu bila kujua? Kichwa changu kiligeuka kama jiwe la kusagia, kinazunguka na unga hautoki.

Nikapanda lori la pamba, nikashuka, nikatembea, mpaka Samuye. Nikamkuta mama mkwe anapeta mtama. Nikapiga magoti, nikamwamkia, kisha nikamwuliza, "Mayu, siku ile ulinitemea nini?"

Akanitazama sana. "Maji."

"Maji tu?"

"Maji, na mate ya mama. Ulitaka nikuongezee nini?"

Halafu akaanza kulia, akasema mkwewe amekuja kumshitaki. Nikalia na mimi. Tukapika, tukala, nikarudi Geita nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Maana kama ni maji tu, basi mbona watu wamekufa? Na kama watu wamekufa kwa mwamba tu, mbona mimi naogopa?

Jirani mmoja, mtu mwema, akaniambia mfumu, yaani mganga, amesema kuna kitu kimezikwa chini ya mafiga yangu. Nikang'oa mafiga. Nikachimba. Nikakuta mfupa! Mfupa mdogo, mweusi kwa moshi. Ndugu zangu, mimi nilikuwa napika uji na maandazi, sijawahi kupika nyama pale. Mfupa ulitoka wapi? Ni mbwa aliuficha? Ulikuwapo kabla yangu? Kuna mtu aliuweka? Mpaka leo sijui. Ningesema Bwana alinifunulia, ningekuwa nawadanganya mbele ya madhabahu.

Nikaufunga kwenye kitambaa, nikampelekea mwinjilisti Yohana. Nikamwambia, "Baba, niambie huu ni mfupa wa nini."

Akaugeuza, akaugeuza. Akasema, "Mama Kabula, mimi ni mwinjilisti. Mambo ya mifupa sikufundishwa." Akautupa vichakani mbele ya macho yangu! Nikashika kichwa. Kisha akaniuliza, "Kesho utapika?"

"Sijui, Baba."

"Utakapojua, utakuwa umechelewa. Pika."

Hakuniwekea hata mikono. Aliomba sala fupi, akaenda kutazama mbuzi wake. Nilikasirika! Nilitaka pepo akemewe, nilitaka nianguke chini, niamke mtu mpya. Nikapewa kazi ya kupika uji usiokuwa na mnywaji.

Lakini nilipika. Msiniulize kwa nini. Haikuwa imani kubwa. Nilirudisha mafiga mahali pake, nikakoroga, nikakamua ukwaju, jua likapanda, uji ukapoa, nikaumwaga. Nikapika tena siku nyingine. Wakati watu hawaji nilisoma Zaburi kwa sauti, nikitafuta herufi kwa kidole, na yale niliyokuwa nayasoma mengine sikuyaelewa. Niliendelea tu.

Asubuhi moja wanaume walikuwa wamejaa kule kwa mwenye mihogo, wamenipa visogo. Nikaona mwanamke anakuja, kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi. Nilimjua. Mama Shija, ambaye mumewe alikufa shimoni. Mumewe alikuwa mteja wangu, mtu wa mzaha, aliyekuwa akiniita "mkwe" bure bure kwa sababu ya Kabula na Shija wake.

Wale wanaume wakageuka kutazama. Kila mtu alijua amekuja kunilaani. Mimi mwenyewe nilijua. Nilisimama, nikasema moyoni, Bwana, mtunze Kabula.

Akafika. Akakaa kwenye benchi. Akasema, "Nipe uji."

Sikusikia vizuri. Nikasema, "Nini, mama?"

"Uji. Huuzi uji hapa?"

Nikamchotea. Akanywa. Wanaume wanatazama koo lake likipanda na kushuka. Akamaliza, akanipa bakuli, akasema, "Ongeza. Na ukwaju umepunguza, kwa nini? Baba Shija alikuwa akija nyumbani anausifu ukwaju wako mpaka nakasirika."

Nikaongeza. Ndipo nyapara mmoja mzee akashindwa kuvumilia, akapaza sauti kutoka kule, "Mama, wewe mwenyewe mfiwa, unakunywa kwake?"

Hakugeuka hata shingo. Akasema, "Mume wangu aliuawa na jiwe. Anayetaka kugombana, ashuke shimoni akagombane na jiwe."

Basi! Akaendelea kunywa.

Yule nyapara alikuja siku ile ile, akanywa amesimama, kama mtu anayekunywa dawa. Kesho yake wakaja wengine. Si wote, ndugu zangu. Wapo ambao hawakurudi kamwe, na najua mpaka leo wapo wanaosema. Lakini mimi siku ile, nilipokuwa naosha lile bakuli, niligundua kwamba hofu haipo. Niliitafuta. Nilijipapasa kifuani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Haipo! Lini iliondoka, sikuona.

Haleluya! Lakini ngojeni. Baadaye, tulipokwisha zoeana, nilimwuliza Mama Shija, "Ni nani alikutuma kuja kuniokoa?" Akanishangaa. "Kukuokoa? Mimi nilikuwa na njaa. Nilikuwa sijala tangu juzi, na kwako ndipo palipokuwa karibu."

Mnaona? Nimelibeba jambo hili na silimalizi. Bwana alimtuma, au njaa ilimtuma? Au Bwana hutuma njaa? Wachungaji watatueleza. Mimi najua kwamba alikuja, akakaa, akanywa.

Hakurudi kwao. Alibaki, tukapika pamoja. Mimi nikamfundisha kusoma, yeye akanifundisha kuumua unga wa maandazi, na maandazi yake yakawa matamu kuliko yangu, jambo ambalo pia nililazimika kuliombea! Sasa tumehamia hapa Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo, kila lori linalopita linasimama. Mwenzangu hajabatizwa. Leo amekaa pale nje dirishani, anasema anasikiliza tu. Mkitoka msimzonge na maswali. Mwamkieni.

Nakushukuru, Bwana, kwa mama mkwe wangu na maji yake, kwa mwinjilisti asiyejua mifupa, kwa mjane mwenye njaa. Na wewe ndugu uliyekaa hapa, ambaye kazi yako imeanguka, na wanaokushauri kila mmoja anasema lake, na kichwa chako mwenyewe kimekugeuka: usingoje Bwana akueleze kwanza ndipo umtumaini. Mtumaini hivyo hivyo, na maswali yako mkononi. Mimi yangu bado ninayo, na bado nimesimama. Asifiwe!