Aliyeitikia "Nimezima": Risala ya Nyumba ya Milango Sita

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meneja wa Umeme wa eneo letu, mafundi mliofuatana naye, majirani, mabibi na mabwana.

Kabla hatujakukaribisha, tunakuapia. Yote utakayosikia hapa ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Tunaanza na kiapo kwa sababu aliyeshika kalamu ni mzee wetu wa mlango wa chini, mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Babu Chumvi, na jina hilo hakulipata jikoni. Tumeipitia risala pamoja naye mstari kwa mstari. Alipozidisha tumefuta. Yaliyobaki tunayasimamia sote.

KARIBU, ILA USIEGEMEE UKUTA

Karibu sana kwetu. Umekuja kuzindua kisanduku kipya cha mita, nasi tumekipangusa na kukifunga utepe. Kadi ya mwaliko ilisema utaketi sebuleni kwa Mama Cherehani. Kiti chako tumekihamishia huku barazani, kwenye jua. Utuwie radhi, sababu imo humu humu.

NYUMBA NA DESTURI YAKE

Nyumba hii ina milango sita na ngazi moja. Aliyeijenga alikuwa akiongeza chumba kila akipata matofali, na nyaya zikafuata mwendo huo huo. Waya wa jiko la huyu unapita nyuma ya kitanda cha yule. Ukizima kwako, ukuta wako unaweza bado kuwa na umeme wa jirani. Kwa hiyo hapa hapigwi msumari mpaka mwenye kazi asimame chini ya ngazi na kuita, "Zimeni." Kila mlango unazima swichi yake kuu, kisha unaitikia, "Nimezima." Mwenye kazi anahesabu. Sauti zikitimia sita, nyundo inaruhusiwa.

Tuliiringia sana desturi hii. Kosa letu, Mheshimiwa, ni kwamba siku zote tulihesabu sauti, hatukuwahi kuhesabu watu.

MAFANIKIO

Tumepaka rangi ngazi. Tumeziba tangi lililokuwa likivuja. Na Mama Cherehani, mjane anayeshona sare za shule, amepata cherehani ya pili ya umeme. Ili ienee, aliamua kubomoa ukuta mwembamba kati ya jiko na sebule. Hili tungeliweka kwenye mafanikio hata leo, kama ukuta ungekubali.

YALIYOTUPATA

Kazi alipewa fundi wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa Babu Chumvi na mpinzani wake wa drafti. Tunamwita Taratibu, kwa sababu hata kikombe cha chai hukipima kwa macho kabla ya kukishika. Asubuhi, jua limeshapanda, alisimama chini ya ngazi akaita. Sauti zikashuka moja moja. Ya mwisho ilitoka juu kabisa, mlango wa Nesi: laini, nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Sita," alisema Taratibu, akashika tindo.

Plasta ilidondoka vizuri. Pigo lililofuata likapasua waya uliojificha ndani. Tuliona mwanga wa buluu mpaka kwenye korido, tukasikia kishindo, na tulipofika Taratibu alikuwa amekaa sakafuni akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Tindo lilikuwa limeyeyuka ncha.

"Nani hakuzima?" aliuliza polepole.

Watano tuliokuwapo tukaapa kila mmoja kwamba amezima. Tukapanda kwa Nesi kumsema. Mlango wake ulikuwa na kufuli, kwa nje.

Nesi mwenyewe alitokea mchana, mkoba begani, viatu vya kazini miguuni. Tulipomweleza, akaketi ngazini.

"Mimi nimetoka zamu sasa hivi, jamani. Asubuhi nyote mnajua sipo."

"Lakini uliitikia, mwanangu," alisema Mama Cherehani. "Huwa unaitikia kila siku."

Nesi akauweka mkoba magotini. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo tukilikumbuka tunashusha sauti: mara nyingi akirudi kutoka kazini hukuta swichi yake kuu imezimwa, na siku zote alidhani umeme uliyumba, swichi ikajikata yenyewe. Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba siku nyingine zote sauti ile ilipoitikia, ilizima kweli. Siku ya Taratibu ilisema tu, haikuzima.

Tulifungua mlango. Friji ilikuwa ikinguruma. Swichi ilikuwa imewashwa. Vumbi mezani halikuguswa.

Kuanzia hapo Mama Cherehani hakushona. Alikaa akiutazama ule waya uliopasuka, umezungushiwa tepu nyeusi na kuning'inia kwenye tundu la ukuta. Sare za watoto zikalala bila vifungo. Akaanza kufunga vyombo vyake kwenye mashuka, na wengine nao walikuwa wameshaanza kuulizia vyumba kwingine.

Hapo ndipo Babu Chumvi alipogonga mlango wa Mama. Tunajua alichokuwa akiwaza kwa sababu kalamu anayo yeye. Alikuwa akiwaza kwamba ameshawahi kuutia mtaa huu hofu kwa hadithi zake: yule mbuzi wake aliyesoma gazeti, ile mvua iliyonyesha upande mmoja wa barabara. Basi safari hii hadithi moja iwatoe watu kwenye hofu.

"Mama, fungua mashuka yako," alisema. "Ilikuwa mimi. Nilibana pua nikaitikia kwa sauti ya Nesi. Mzaha tu."

"Na swichi ya Nesi?"

"Nina ufunguo wa kificho wa mlango wake."

Mama alimtazama hadi akainamisha macho. Kisha akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, akafungua vyombo. Wakazi tulikutana tukamsema Babu mpaka akajikunja. Tukaamua: akikamatwa na uongo wowote kuhusu sauti ile, chumba chake cha mbele, chenye dirisha kubwa, atampa Mama Cherehani, na yeye atahamia kwenye ule ukuta. Akakubali upesi mno. Hatukulitilia maanani.

Aliyeumia zaidi ni Taratibu. Alivuka barabara, mkono umefungwa bendeji, akachukua ubao wake wa drafti barazani kwa Babu bila salamu. Babu hakujitetea. Alibaki na kete moja iliyosahauliwa chini ya kiti, akawa anaizungusha vidoleni.

Nyumba ikatulia. Cherehani zikaanza kulia tena. Tulilala, Mheshimiwa, tukilalia uongo wa mzee, na tulilala vizuri.

Jana tulitaka waya uungwe kabla hujafika. Taratibu alikubali kwa masharti. Nesi alizima kwake mbele ya macho yetu, akafunga kufuli, akashuka kusimama barabarani, ufunguo kiganjani. Babu Chumvi alizimiwa swichi yake, akasimamishwa ubavuni mwa fundi, na mdomo wake ukajazwa maji.

"Ukitema tu, nakwenda zangu," Taratibu alimwambia. "Pua ibane unavyotaka."

Akaita. Waliotakiwa kuitikia wakaitikia, kila mmoja akiwa amesimama mlangoni kwake tukimwona. Kisha kimya. Taratibu alikuwa tayari ameinua koleo lake.

"Nimezima," ikasema sauti kutoka juu. Laini, nzito kidogo.

Taratibu akageuka. Mashavu ya Babu yalikuwa bado yamevimba kwa maji. Wakatazamana. Babu akameza.

Fundi akarudi kwenye tundu la ukuta. Aligusisha testa kwenye waya. Taa ndogo ya testa ikawaka: waya ulikuwa na umeme.

Nesi akapandishwa juu na ufunguo wake. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Ndani, swichi aliyoizima kwa mkono wake ilikuwa imewashwa.

MALIPO

Babu Chumvi amekamatwa kwa uongo, na amelipa. Jana hiyo hiyo tulihamisha godoro lake. Mama Cherehani anashona leo kwenye dirisha kubwa. Unaweza kumsikia kutoka hapo ulipo. Risala hii imeandikiwa chini ya lile tundu, na mwandiko ukiyumba mahali, ni kwa sababu mwandishi alikuwa akigeuka nyuma.

Taratibu alirudi na ubao wa drafti, akauweka magotini.

"Babu, kwa nini ulijibebesha?"

"Nilitaka angalau tumjue ni nani."

Taratibu akapanga kete. Moja ilipungua; Babu akaitoa mfukoni.

MAOMBI YETU

Mheshimiwa, maofisa wako walituambia nyaya za ndani si kazi yao. Hatubishani nao. Tunaomba kitu kimoja kikubwa: kwenye kisanduku unachozindua leo, tuwekee swichi moja ya nyumba nzima, yenye kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule mwenye mkono ukutani. Tusiulizane tena kwa sauti. Tunaomba pia waya mpya, upitishwe nje kwenye bomba, mahali ambapo jicho linauona unakotoka na unakokwenda.

Na kama utakataa yote, tuachie testa moja. Tumeshajifunza kwamba ni yenyewe tu isiyo na adabu ya kutuitikia tunavyopenda.

Tunakutakia wewe na mafundi wako mikono mizima, nyumba zenye mwanga, na kurudi salama kwa kila anayepanda ngazi kwa ajili ya wengine. Mungu awalinde.

Ni sisi, wakazi wa Nyumba ya Milango Sita. Tumetoka wote kukupokea, isipokuwa Mama Cherehani pale dirishani mbele yako. Juu hatukumwacha mtu. Tutaitikia amina sasa hivi, kwa pamoja, mara moja tu. Ukisikia nyingine ikichelewa kutoka ngazini, si yetu.