Maneno ya Nyuma ya Bahasha

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama nje kwa kukosa viti, familia imempa dada mdogo wa marehemu kazi ya kuandika historia hii na kuisoma mbele yenu, na jana wazee walimwomba apunguze ukali, naye amepunguza alipoweza, palipobaki mtamvumilia.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bahasha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu fundi seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne. Alianza shule Januari 1965, akaiacha mwaka 1972 baba alipoumizwa mkono na msumeno, na tangu hapo kila alichokijua alijifundisha mwenyewe, hata kusafisha filamu alijifunza kwenye kitabu kilichopoteza jalada na kurasa kumi za mwanzo, akawa anasema hizo kumi alizibuni.

Tarehe 3 Mei 1979 alifungua studio yake ya picha, chumba kimoja kinachotazama posta, chenye pazia la bluu, kiti cha duara, na kioo chenye ufa ambacho kila bibi harusi alikilalamikia na hakikubadilishwa. Mteja, kabla ya kukikalia kile kiti, aliulizwa maswali manne: nani aione picha, nani apewe nakala, itumike kwa kazi gani, na mpaka lini. Majibu yaliandikwa nyuma ya bahasha ya filamu kwa maneno ya mteja mwenyewe, mmoja akasema, "Waone wote isipokuwa wifi yangu," ikaandikwa hivyo hivyo, mwingine akasema, "Mpaka ninenepe," nayo ikaandikwa. Swali ambalo mteja hakulijibu, mstari wake ulibaki mtupu, na mstari mtupu kwa kaka maana yake ilikuwa hapana. Watu walimcheka wakamwita Bahasha, naye akalichukua jina akalipaka rangi juu ya mlango.

Tarehe 22 Septemba 1984 alimwoa mwalimu wa hesabu, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, msimamizi wa harusi akiwa rafiki yake wa tangu utotoni, fundi wa redio na baadaye wa kompyuta, ambaye sote tunamwita Fundi. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1986, sasa muuguzi, na kijana aliyezaliwa 1990, dereva wa malori.

Mwaka 2011, kwa msaada wa Fundi, kaka aliziingiza kwenye kompyuta picha zake zote, zaidi ya elfu kumi na moja, kila moja na maneno ya nyuma ya bahasha yake. Basi mwaka 2015, wenye studio, magazeti, maktaba na vituo vya redio walipounda kamati ya kanuni za pamoja, ili kila picha, wimbo au andiko la kidijitali lisafiri na ruhusa zake zikiwa zimeandikwa kwa namna moja inayosomwa na kompyuta yoyote, kaka naye aliitwa. Wasomi walikuja na majedwali ya kurasa sitini, kaka akaja na bahasha moja, wakaizungusha mezani, na kufikia saa saba mchana maswali yake manne yalikuwa ndiyo msingi wa kanuni, na picha zake zikaingizwa kwenye hazina ya pamoja ya kamati. Alirudi nyumbani na tai ya kuazima shingoni akamwambia mkewe, "Mwalimu, leo nimewasahihisha maprofesa."

Shemeji alimshauri aijaze ile mistari mitupu, aandike hapana kila mahali, yaishe. Alikataa. "Hawakunijibu," alisema, "siwezi kuwajibia."

Februari 2019 kaka alilazwa kwa upasuaji wa henia, na kwenye kikao cha kamati cha tarehe 12 aliwakilishwa na Fundi, kwa barua aliyoiandika mwenyewe akiwa kitandani. Siku hiyo kampuni kubwa zilizojiunga na kamati zilisema mistari mitupu inazifunga mikono, zikataka kuanzia sasa mstari mtupu, hata wa zamani, usomeke kuwa ruksa, na Fundi akanyoosha mkono akakubali kwa niaba ya kaka. Mwezi uliofuata Fundi alikuwa katibu wa kamati. Siku chache baada ya kikao hicho alikuja wodini na machungwa, akamenya, wakala, wakacheka saa nzima, na la kikao hakulitaja.

Tarehe 6 Julai 2020 mama muuza nguo aliingia studio na kopo la vidonge vya kupunguza unene, na juu ya kopo ni uso wake mwenyewe, picha aliyopigwa mwaka 1993 wiki tatu baada ya kujifungua, ambayo aliruhusu ikae dirishani watu waone ametoka salama, na swali la kazi gani hakulijibu. Aliliweka kopo kaunta akauliza, "Bahasha, kumbe miaka yote hii ulikuwa unanitunza au unanisubirisha?" Kaka alidhani ni mashine imekosea, akampigia Fundi, akajibiwa, "Si uliacha wazi mwenyewe, kaka? Ni kimstari tu."

Hapa ndipo dada alipoombwa apunguze ukali. Neno alilokuwa ameliandika hapa amelifuta, na mwenye neno lake yupo mstari wa tatu, analijua.

Kufikia Oktoba walikuwa wamekuja wateja arobaini na mmoja, na kaka alifunga studio akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wapo waliomkaribisha, wapo waliomsemesha dirishani kama mdai. Hakumtaja Fundi hata mara moja, alisema tu, "Aliyeahidi ni mimi," na kwa sababu hiyo wengi wenu mliamini kwamba aliwauza, wengine mmekuja leo mkiamini hivyo. Hakuwauza. Familia imeona lisikike hapa, mbele ya jeneza lake, kwa sauti.

Tarehe 9 Agosti 2023 alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli na mkono wa kulia, akaendelea kuandika kwa mkono wa kushoto hadi alipofariki tarehe 2 Novemba, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuletea maji na viti, na wanakamati waliofika, kwao tunashukuru kwa kufika.

Jambo la mwisho. Mlangoni kuna masanduku manne, ndani yake mna bahasha zenu zote pamoja na filamu zake, alizipanga mwenyewe kwa mkono ule mmoja, kila mtu achukue yake. Ya juu kabisa ni ya Fundi, ya mwaka 1983. Nyuma imeandikwa: nani aone, mimi tu, nakala, hakuna, mpaka lini, mpaka nife. Kwenye kazi gani hakujibu, mstari ni mtupu. Wiki hii wako waliotusihi tuifungue tuone ana nini cha kuficha, na dada alishaishika, mkasi mkononi. Haikufunguliwa. Fundi, bahasha yako ipo kama ulivyoiacha, njoo uichukue mbele ya watu.

Kaka, ulichoachiwa umekirudisha kwa wenyewe. Pumzika kwa amani, Bahasha, mikono yako mitupu.