Yustina wa Baraza la Mwanaheri

Baba Paroko, majirani wa Kichangani mliopanda mlima asubuhi hii, ndugu waombolezaji, msomaji wenu anaomba radhi kabla hajakosea, maana kazi aliyoizoea ni kuchekesha watu jukwaani, na historia ya mtu kama Yustina ilitaka mtu mwenye tai na sauti nzito, ila familia ilitafuta ikakosa, ikaambulia huyu.

Marehemu Yustina Gabrieli alizaliwa tarehe 14 Mei 1952 hapa Kinole, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Gabrieli na Mama Veronika. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1967, akiwashinda wavulana wote kwa hesabu, jambo ambalo wavulana hawakumsamehe.

Tarehe 3 Machi 1974 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Morogoro, na tarehe 21 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi mitambo Dominiko, wakakaa muda mrefu bila mtoto, hadi Jesca alipozaliwa tarehe 9 Januari 1987. Dominiko alitangulia mbele ya haki Novemba 1993.

Tarehe 30 Juni 1995 kiwanda kilipata mwekezaji, wafanyakazi wakapata barua, na marehemu akapewa siku saba ahame nyumba ya kiwanda, ndipo soko huria lilipomfikia, kila mtu huru, yeye huru kuliko wote, hana hata mlango wa kufunga. Kwa miezi saba alilala na Jesca chini ya meza za sokoni, wakila ndizi zilizooza, na siku nyingine wakila maji.

Januari 1996, mwezi wa Ramadhani, jua likizama, alipita Kichangani mbele ya baraza la Mwanaheri, muuza vitumbua asiyemjua, akasimama kwa harufu ya uji, na kwa desturi ya pale mpita njia saa ya kufuturu haulizwi jina, husogezewa sahani. Kwa njaa akajisahau, akaanza ishara ya msalaba mbele ya mihogo ya nazi, mkeka mzima ukamgeukia, mkono ukamganda kifuani, akamvuta Jesca waondoke.

"Malizia basi, mama, mbona umekatisha?" alisema Mwanaheri. "Uji unapoa."

"Na umwombee mpishi," akadakia mumewe, Abasi, "mihogo kaiunguza tena."

Alifuturu pale hadi mwezi ulipoandama, Idi ilipopita akaona haya kurudi, Abasi akamfuata sokoni akamuuliza, "Shemeji, nani kakwambia njaa ina mwezi wake?" Wakalizungushia baraza mabati, akaishi humo miaka mitatu, akikaanga vitumbua na mwenyeji wake, na Jesca akasoma.

Baridi ya sokoni ilikwisha kumwingia kifuani, alilazwa mara nne mwaka 1998, na tarehe 11 Februari 1999, saa tano asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa katika mikono ya Mwanaheri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani waliochonga jeneza, majirani wote, na Mwanaheri, ambaye msomaji anampa shikamoo ingawa msomaji ndiye mkubwa kwa umri.

Tangu jana mnanong'ona hapa matangani, iweje binti wa Kiluguru alale sokoni, na kwetu shamba la ukoo wa mama ni la binti. Mnauliza vizuri. Julai 1995 alipanda kuja kuliomba, akamkuta mdogo wake, yule mtoto wa pili wa Veronika, amelijaza kabichi za kupakia malori ya Dar, naye akamjibu, "Dada, subiri kwanza nivune."

Pumzika kwa amani, Yustina, leo umekabidhiwa shamba lako, na ninyi waombolezaji, kabichi hukomaa kwa miezi mitatu, mkulima yule alivuna mara kumi na nne, na mkitaka kumzomea msihangaike kuulizana, ndiye huyu aliyeshika karatasi.