Hemlata, Mshenga wa Uyoga

Waombolezaji wote mliokaa kwenye mazulia haya, wa upande wetu na wa upande wa shemeji, mimi ni Ranjana, mdogo wake marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake leo siku ya kumi na tatu ya msiba, na shemeji yangu Devinder amenisihi nisome kwa upole. Nitajaribu, ingawa nimewatazama mkiingia na maua yenu na kusema ukweli nimeona kinyaa.

Dada yetu Hemlata alizaliwa tarehe 3 Agosti 1962, hapa Dharuti, juu ya mji wa Solan, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa Mzee Jagdish na Bi Savitri, na mama alitusimulia kwamba wiki hiyo mvua ilinyesha mpaka uyoga ukaota mlangoni pa zizi, na bibi akaufagia kwa hasira akisema uchafu huo usimsogelee mtoto. Bibi hakuonja uyoga mpaka alipoingia kwenye moto wa mazishi, kwake kilikuwa kitu cha samadi, na baba alipoutamani aliupika nje kwenye sufuria iliyofichwa nyuma ya kuni.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari akaisomea Solan mjini, akaingia chuo cha kilimo mwaka 1980, na mwaka 1989 akapata shahada ya uzamivu katika uzalishaji wa mbegu za uyoga. Siku aliporudi na shahada hiyo bibi alimuuliza, "Mjukuu wangu, umekesha na vitabu miaka yote hii ili uje kuozesha majani ya ngano?" naye akamjibu, "Hapana bibi, mimi naozesha wachumba, ni mshenga." Akamweleza kwamba kila chembe ya vumbi linalotoka chini ya uyoga huota uzi mmoja, uzi huo ni mseja, unatambaa kutafuta mwenzake, lakini una ukoo wake na haukubali kuoana na wa ukoo huohuo, na kwamba watoto wa mama mmoja wamegawanyika koo nne, na kila ukoo unaruhusiwa kuoa katika ukoo mmoja tu kati ya zile tatu nyingine. Bibi, ambaye aliwahi kuvunja harusi mbili za watu kwa sababu gotra, yaani koo, za bwana na bibi harusi zilikuwa moja, alifurahi sana. "Kumbe vina adabu," alisema, "kuliko watoto wa jirani yetu Ramesh."

Tarehe 11 Novemba 1990 marehemu alifunga ndoa na Devinder Kanwar, mkulima wa uyoga, baada ya bibi kuzichambua koo zote mbili kama mchele, na mwaka 1993 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Mitali, huyu aliyekaa mbele yenu akijifunika mdomo kwa shali.

Kazi aliianza mwaka 1991 katika kituo kimoja cha utafiti, akapangiwa dhingri, ule uyoga mpana kama sikio ambao karibu kila nyumba hapa inauotesha kwenye mifuko ya majani makavu. Mnazijua wenyewe siku za baridi, milango imefungwa, mifuko imening'inia, uyoga umekunjuka, na lile vumbi lake linajaa chumba kama moshi, mtu anatoka humo asubuhi na jioni ana homa na kifua kinabana, na ninyi mnaita homa ya chumba kana kwamba ni mgeni aliyealikwa. Dada yangu hakuizoea. Tangu mwaka wake wa kwanza kazini alitaka kitu kimoja tu, dhingri isiyotoa vumbi, ili watu wa kijiji hiki wavune bila kuuza mapafu yao.

Mwaka 2006, katika chumba cha mume wake mwenyewe, aliona kishada kimoja kimekomaa na sakafu chini yake ni safi, akakiweka juu ya karatasi nyeusi, na karatasi ikabaki nyeusi. Kilikuwa kibaya, kimejikunja, wala hakikuzaa vizuri, lakini vumbi hakikuwa nalo. Sasa fikirini kazi ya mshenga aliyeletewa mchumba asiyezaa. Ilimbidi achukue nyuzi zake, ambazo ndani yake mume na mke wanakaa chumba kimoja bila kuchanganyika, azisage kwenye mashine kama ya chatne mpaka apate kipande kilichobakiwa na mmoja tu, hiyo ndiyo ilikuwa talaka, kisha yule mmoja akamwozesha kwa mgeni mzuri mwenye kuzaa sana. Watoto wakatoka wazuri na wote wana vumbi, kwa sababu sifa ile ina haya, haijitokezi mpaka irithiwe kwa baba na kwa mama pia. Basi akachambua vizazi vyao, akatafuta mtoto mwenye sifa hiyo aliyejificha nayo na mwenye ukoo unaokubalika, akamrudisha kwa mzazi wake yule asiye na vumbi, wakaoana. Ilimchukua miaka saba, na akaipata: nyeupe, nono, haina vumbi.

Tarehe 10 Septemba 2014, siku ya wakulima, aliwaita wote pale uwanjani akawaeleza. Angeweza kusema ni mbegu mpya, chukueni, lakini yeye aliwaeleza kila kitu kama alivyomweleza bibi, koo, talaka, mgeni, na mtoto kurudishwa kwa mzazi. Ndipo mwenyekiti wa wakulima, Bwana Balak Ram Tomar, namwona pale karibu na nguzo, akasimama. "Dada Hemlata," alisema, "ina maana hapa baba kamwoa bintiye?" Dada akamwambia kwa uyoga ni hivyo, ndivyo sifa inavyokamatwa. "Basi laana hiyo kaipikie kwako," akasema, "mimi nina mama nyumbani." Watu wakacheka, wengine wakatema mate. Mifuko yote ya mbegu aliyowaletea ilimwagwa kwenye lundo la samadi ya kuku, nami nilikuwepo, nilimwona dada yangu akiinama kuiokota na samadi ikimfika kwenye viwiko. Mkuu wa kituo alimwambia tu, "Nani alikutuma useme yote? Ungenyamaza wangekula," na baada ya mwezi mmoja akaitoa mbegu hiyo kwenye friji la kituo, dada akaibeba nyumbani.

Hicho ndicho kinachonichefua mpaka leo. Uyoga mweupe wa duara kama kifungo cha shati, huo mnaoujaza kwenye sahani za harusi, huo mnaougombania ukipikwa na njegere, vumbi lake karibu lote linazaliwa likiwa limeshaoana tumboni mwa mama, kaka na dada. Dada yangu alilijua hilo, nanyi mnaula kila majira ya baridi, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kutema mate. Akili ya namna hiyo naionea kichefuchefu, na sitaomba radhi.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2016, kwa sababu hakuacha kuingia vyumbani mwenu kuwapimia hewa na kuwafungulia madirisha ambayo mliyafunga akishatoka. Mapafu yalikauka polepole, mwaka 2021 akawa anatembea na mtungi wa oksijeni, na tarehe 9 Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri, alituacha, akiwa na mumewe na binti yake kando ya kitanda. Ameacha mume, mtoto mmoja, wadogo wawili, na chupa za mbegu yake kwenye friji la jikoni, nyuma ya mtindi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomhudumia kama mama yao, inawashukuru majirani waliopika na kubeba kuni, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo kwa shada lao kubwa, ambalo ni kubwa kuliko nafasi waliyomnyima kwenye friji lao.

Limebaki jambo moja, na Mitali amenisihi nisiliseme. "Mama mdogo," aliniambia jana, "ukisema watamwaga tena, na mimi nimeshaanza kukohoa kwa vumbi la vyumba vyao." Siku nne kabla ya kufa kwa dada, jirani yetu Kamla, mke wa Bwana Tomar, alikuja kumwona kwa mlango wa jikoni, akamwinamia akamwambia, "Dada, nisamehe, tangu mvua za mwaka jana namwibia Mitali chupa zako. Chumba chetu chote ni mbegu yako. Mzee hajui." Dada alicheka mpaka barakoa ya oksijeni ikamtoka, tukadhani ndiyo basi. Alipopata pumzi akasema, "Mwambieni. Mshenga hafichi ukoo." Kamla akakubali, na baada ya mazishi akasema lisomwe leo mbele za watu, maana nyumbani hatasikilizwa.

Kwa hiyo nimesema, Bwana Tomar, na usimtazame mkeo hivyo, nitazame mimi. Unamwambia kila mtu sokoni kwamba kifua chako kimepona kwa asali na majani ya tulsi. Tangu nianze kusoma nimewasikia wakulima wenzako wakikohoa huku na huku kwenye mazulia haya, nimemsikia na mtoto wa dada yangu, ila wewe sijakusikia hata mara moja. Chumba ni chako, kamwage ukitaka. Chupa zilizobaki nimezipanga mlangoni, karibu na viatu vyenu, kila mtu atazipita akitoka.

Dada Hemlata, pumua kwa amani.